Mnara upo dirishani, mimba ina miezi saba: nihame Ujiji?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na wa pili yuko njiani, mimba ina miezi saba na ushee. Tumepanga vyumba viwili hapa Ujiji, nyumba ya uani. Mume wangu anaendesha bajaji, Ujiji na Mwanga. Mimi nilikuwa nauza dagaa, nachukua mzigo Kibirizi, ila tangu tumbo liwe kubwa nimepumzika.

Mwaka jana mwenye kiwanja cha jirani alikodisha kona yake, ukajengwa mnara wa simu. Nikifungua dirisha la chumbani, uzio wa mnara huo hapo. Umeme ukikatika, jenereta lake linanguruma mpaka alfajiri na moshi unatuingilia ndani. Tunafunga dirisha, tunalala na joto.

Shangazi, tangu wiki kadhaa kichwa kinaniuma, upande wa mbele, hakiachii. Wakati mwingine naona vimulimuli mbele ya macho hata nikiwa nimekaa tu. Miguu imevimba, na pete ya ndoa niliitoa kwa sabuni. Nanunua diklofenaki duka la dawa, inatuliza kidogo halafu kichwa kinarudi. Mama mkwe anasema ni mionzi ya mnara. Mtaani wanasema hivyo hivyo: mama wa nyumba ya tatu mimba yake ilitoka, na mzee mmoja amekutwa na saratani ya koo. Kwenye kundi letu la WhatsApp ikatumwa sauti inayosema mawimbi ya mnara yanapasua seli za mtoto angali tumboni.

Juzi mama mkwe kaja na kijana anayeuza vidani vyeusi vya kuzuia mionzi, shilingi 85,000 kimoja, na stika ya kubandika nyuma ya simu. Anataka pia nikakae kwake, kijijini huko Kasulu, mpaka nijifungue. Mume wangu anasema huo ni uzushi mtupu, hatoi hata shilingi. Wamegombana mpaka siku ya kliniki ikapita, sikwenda.

Je, ni kweli mawimbi yale yanaharibu seli za mtoto? Ninunue kidani? Nihame? Na mama mkwe nimwambieje bila kumkosea adabu?

Mama Kijacho, Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nilianza kuisoma barua yako nikiwaza mnara. Nilipofika kwenye vimulimuli na pete iliyotolewa kwa sabuni, mnara nikauweka kando. Nawe uuweke kando kwa saa chache. Mwambie mumeo awashe bajaji akupeleke kituo cha afya sasa hivi, upimwe presha na mkojo. Usingoje kupambazuke, wala usingoje tarehe nyingine ya kliniki. Kichwa kisichoachia, macho kuona vimulimuli, uvimbe unaopanda hadi vidole vya mikono au usoni, tena baada ya wiki ya 20 ya mimba: manesi huzitaja hizo kama dalili za hatari kwa sababu ndivyo kifafa cha mimba kinavyobisha hodi. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hawatakurudisha nyumbani na panadoli. Wakisema uende Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, nenda usiku huo huo. Zipo dawa za kushusha presha ambazo mjamzito anaruhusiwa kuzitumia, na ipo magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Hizo huokoa mama na mtoto zikiwahiwa.

Diklofenaki acha leo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hazifai mimba iliyofikia umri wa yako: zinaweza kusumbua figo za mtoto na mshipa mmoja mkubwa karibu na moyo wake. Waambie wauguzi kwamba umekuwa ukizimeza, usione aibu. Na ukihisi maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au mtoto akapunguza kucheza, nalo waambie.

Sikuambii kwamba una kifafa cha mimba, maana sijakupima. Ninachoogopa ni kwamba nyumba nzima imeshatoa jibu kabla ya kipimo. Mkweo kasema mnara, mumeo kasema uzushi, wamebishana juu ya mnara mpaka kliniki ikapita, na wote wawili hawakuiangalia miguu yako.

Haya. Ukirudi, tuuongelee mnara, kwa sababu swali lako si la kijinga na mumeo amelijibu kwa mkato mno.

Ni kweli seli zetu zinaishi kwa umeme. Kila seli ina utando, na pande mbili za utando huo zina tofauti ndogo ya umeme. Kwenye seli ya neva ni kama milivolti 70. Moyo unapiga kwa umeme huo, na ndio unaosomwa na mashine ya ECG pale mgonjwa anapobandikwa nyaya kifuani. Kwa hiyo mtu akiuliza kama umeme na sumaku kutoka nje vinaweza kuuvuruga wa ndani, anauliza jambo la maana. Vinaweza, vikiwa na nguvu ya kutosha. Hospitali kubwa duniani zina kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya kichwa cha mgonjwa wa sonona, kikapiga mapigo makali, na neva za ubongo zikaitika. Kwa hiyo la kuuliza ni nguvu kiasi gani, na mtetemo wa kasi gani.

Umeme wa nyumbani hutetema mara 50 kwa sekunde. Kiwango cha sumaku ambacho wataalamu wa kimataifa wameweka kwa raia, kwa mtetemo huo, ni mikrotesla 200, na ndani ya nyumba ya kawaida hupati hata moja, ukiwa mbali kidogo na vyombo vinavyofanya kazi. Mawimbi ya simu yanatetema mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde na zaidi. Kwa kasi hiyo neva haziwezi hata kuyafuata. Yanachofanya mwilini, kwa uhakika, ni kusukasuka molekuli za maji na kuleta joto. Oveni ya mikrowevu inapasha ugali kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe inamwaga wati 800 au 1,000 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa.

Sasa lile la kupasua seli. Mionzi inayovunja vinasaba ipo: eksirei, mionzi ya urani, na ile kali ya jua. Hiyo kila chembe yake ina nguvu ya kukata kifungo cha kikemikali. Chembe ya wimbi la simu ina nguvu ndogo kuliko inayohitajika, kwa karibu mara milioni. Na hazichangi nguvu. Embe lililo juu ya mwembe utaliangusha kwa jiwe moja, lakini ukilirushia gunia zima la punje za mchele, moja moja, litabaki pale pale. Ndiyo maana mjamzito anakingwa na eksirei isiyo ya lazima, huku simu akiachiwa azungumze.

Linabaki joto. Mwili mzima ukimeza wati 4 kwa kila kilo, joto la ndani hupanda kama nyuzi 1. Wataalamu wakachukua kiasi hicho wakakigawa kwa 50, wakapata wati 0.08 kwa kilo: hapo ndipo raia, mjamzito akiwemo, hatakiwi kuvuka. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya vipimo vya karibu na minara, mwaka 2006, likaeleza kwamba mawimbi yaliyokutwa yalikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango hicho. Malaria, mwanangu, inakupandisha nyuzi mbili au tatu kwa usiku mmoja, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa nayo sana. Sijui kama mmelala ndani ya chandarua katika joto hilo la dirisha lililofungwa. Barua yako haikusema, nami ningependa kujua kuliko ninavyotaka kujua urefu wa mnara.

Jambo lingine ambalo mtaani halisemwi: antena za mnara zinatazama mbele, zikiinama kidogo tu, ili mawimbi yafike mbali. Aliye chini ya mnara hupata kidogo. Mwenye kuhatarika ni fundi anayepanda na kusimama mbele ya antena iliyowashwa, ndiyo maana uzio upo. Mkanye mwanao asiuruke kufuata mpira. Na mwili wako humeza mawimbi ya redio ya FM hadi mara tano zaidi ya yale ya mnara wa simu yenye nguvu sawa, kwa sababu ya urefu wa wimbi lenyewe; redio tumeishi nazo tangu enzi za wazee wetu na hatukuona watoto wakipasuka.

Simu iliyo sikioni ndiyo inayokugusa zaidi, kwani mawimbi hupungua haraka kila unaposogea mbali na chanzo. Nayo simu ina tabia moja: mtandao ukiwa dhaifu inajikaza, mtandao ukiwa mzuri inapunguza nguvu. Ukienda kijijini ambako mtu anatafuta mtandao mpaka apande kichuguu, simu yako itakumulika kuliko inavyofanya hapo Ujiji chini ya mnara. Ukitaka kupunguza zaidi, tumia spika au waya wa masikioni, na mwambie mumeo aitoe simu chini ya mto, hasa ikiwa kwenye chaji. Hiyo kwa sababu ya betri kushika moto.

Saratani. Hapa mkweo ana hoja, nami sitaifunika. Mwaka 2011 wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, wakayaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, maana yake huenda yanasababisha saratani. Sumaku ya nyaya za umeme ilishawekwa humo miaka kadhaa kabla, kwa sababu ya takwimu za leukemia, saratani ya damu, kwa watoto wachache wanaoishi kwenye sumaku kubwa kuliko kawaida. Kuhusu simu, kilichowasukuma ni utafiti wa nchi 13 uliotoka 2010: kwa jumla haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo, ila lile kundi la waliosema walizungumza sana kuliko wote lilionekana kuwa juu. Baadaye, 2018, Wamarekani wakatoa majibu ya panya waliomulikwa mwili mzima saa tisa kwa siku kwa miaka miwili. Panya dume wachache walipata uvimbe kwenye moyo. Ajabu yake, waliomulikwa waliishi muda mrefu kuliko wasiomulikwa, na kipimo chao cha chini kabisa kilikuwa wati 1.5 kwa kilo, wakati kikomo cha binadamu ni 0.08. Kisha 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, wa tafiti 63, na haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi.

Makundi hayo yanapanga uhakika wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Lakini tazama nani wako kundi la 1, lile ambalo wanasayansi hawabishani tena: tumbaku, pombe, sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu, na, tangu 2012, moshi wa dizeli.

Moshi wa dizeli ndio unaoingia chumbani kwako. Mtaa mzima unatazama juu kwenye antena, na kitu kinachokuumiza kiko chini pale pale, kinanguruma. Usiku usiolala, moshi, hewa nzito ya chumba kilichofungwa: hata asiye mjamzito angeamka na kichwa. Hili lina pa kupeleka. Andikeni barua kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, wapangaji wote mtie sahihi, mtaje saa jenereta linapowaka na lilivyo karibu na dirisha, muombe lihamishiwe upande wa pili wa kiwanja au bomba la moshi ligeuzwe na kelele zizibwe. Nakala iende kwa taasisi ya serikali inayosimamia mazingira. Kama bado mnataka mawimbi yenyewe yapimwe, ombeni Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), ambayo ndiyo hupima mionzi ya aina zote nchini, ya minara ikiwemo, na nakala nyingine iende TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kipimo kikisomwa mbele ya watu, maneno ya mtaani yatapungua zaidi kuliko nikiandika mimi kurasa kumi.

Kuhusu jirani aliyepoteza mimba, nampa pole ya dhati. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili hutoka, kukiwa na mnara au bila mnara, mara nyingi kwa hitilafu iliyokuwepo tangu mtoto anaanza kuumbika. Mama huyo asibebeshwe wazo kwamba angehama mapema angezaa. Mzee wa saratani ya koo, muulizeni kwa upole kama amevuta sigara. Uvimbe kama huo huchukua miaka mingi kukua. Mnara wenu una mwaka.

Kidani usinunue, na hapa sina ulaini. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia ilipima vidani, bangili na barakoa za kulalia zilizouzwa kwa madai ya kuzuia mawimbi ya simu ya 5G, ikakuta bidhaa 10 kati yake zenyewe zinatoa mionzi, ile ya kweli, inayovunja vinasaba, ikaonya watu wasizivae. Kile cha kijana aliyekuja na mkweo sijakiona, huenda ni plastiki tupu. Lakini kati ya plastiki ya 85,000 na jiwe lenye mionzi linalolala kifuani juu ya mtoto, mimi sioni la kuchagua. Stika nayo, kama haizuii chochote umeliwa, na kama inazuia, simu itajikaza zaidi kutafuta mtandao. Hiyo 85,000 itakufaa kwa nauli na mahitaji ya kujifungulia.

Mkweo usimjibu kwa sayansi, atakuona umekuwa mjuaji. Mwambie, "Mama, umeona kweli kwamba sipo sawa, wengine hawakuona." Maana ndiyo kweli: yeye ndiye aliyeuona ugonjwa, akakosea tu mchawi. Kisha muombe mwende naye kliniki, yeye ashike kadi, asikie kwa masikio yake nesi akisoma presha. Mama mkwe aliyesikia mwenyewe kutoka kwa nesi atakulinda kuliko dawa. Kasulu usisafiri kwanza. Barabara na presha isiyopimwa havipatani. Ukishajifungua salama akikualika ukale uji wa uzazi kwake, nenda ukadekezwe, mnara hauna neno. Na mumeo mwambie Shangazi amesema hivi: kukataa kidani ulikuwa sawa, ila kumwacha mkeo aikose kliniki kwa sababu ya ubishi hukuwa sawa.

Ukitoka kupimwa niandikie zile namba mbili za kwenye kadi, ya juu na ya chini, na walichokuta kwenye mkojo. Vipimo vya mnara vinaweza kusubiri wiki ijayo.

Shangazi